Usingizi wa Mchana Kaloleni

Blanketi zuri, vijana wangu, halijulikani kwa rangi. Rangi ni ya kumpendeza mnunuzi pale dukani. Ukitaka kulijua, shika pembe yake kwa vidole viwili, livute kidogo, kisha uliachie. Likirudi mahali pake, lichukue. Likibaki limelegea, mrudishie mwenye duka, umshukuru, ujiendee zako. Mimi nimeishi ujana wangu wote kwa kujua mambo madogo ya namna hiyo, kwa hiyo msinicheke.

Nawaandikia kwa sababu ya swali lenu la juzi pale nje kwa kinyozi, hapa Buruburu, Nairobi. Mlitaka kujua sisi wazee tuliona utamu gani kuishi ubavuni mwa viwanda, katika moshi na kelele, na kwa nini mpaka leo tukipita Industrial Area tunapunguza mwendo kama watu wanaopita makaburini. Mmoja wenu, anayeniita guka kama babu yake, akasema, "Lakini guka, huko si siku hizi ni magodauni na makanisa tu?" Ni kweli. Kiwanda nilichofanyia kazi sasa kinahifadhi viti vya plastiki, na Jumapili watu husali humo. Lakini mlicheka kabla sijajibu, na mimi mtu akinicheka kabla sijajibu hunitoka usingizi. Basi nisomeni taratibu.

Nilikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha blanketi, miaka ya sabini na themanini. Wafumaji walisimama mbele ya mitambo wakiilisha nyuzi. Mimi nilikuwa yule anayeitwa mtambo ukigoma. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye mabega mapana na subira kiduchu. Siku ya kwanza nilifika na spana mpya mkononi, najiona bwana fundi. Akaninyang'anya, akaniambia niweke kiganja juu ya mtambo unaofanya kazi, nifumbe macho. Nikasimama hivyo mpaka wafumaji wakaanza kunizomea. Akaniuliza nimesikia nini. Nikamwambia nimesikia kelele. Akasema, haya, kesho tena.

Ilinichukua muda kuelewa. Mtambo wenye afya hupiga mdundo mmoja usiobadilika, na huo mdundo unaupata zaidi kwa kiganja kuliko kwa sikio, maana masikioni tulikuwa tumejaza pamba. Ukiugusa ukahisi kama unachechemea, basi kuna nati imelegea mahali, na uzi utaanza kukatika kabla ya saa ya chai. Mzee Wafula angeweza kupita katikati ya mitambo akiigusagusa mmoja mmoja kama mtu anayesalimia watoto, akarudi kwa ule unaoumwa. Alikuwa na sheria moja aliyotuimbia mpaka tukaiota: zima, toa mkanda wa mashine, ndipo utie mkono. Aliyeipuuza alimfukuza karibu na mtambo kwa mateke, na wala hakuna aliyekwenda kumshtaki.

Pamba ilikuwa ikituganda kila mahali. Tulitoka kazini nywele nyeupe, nyusi nyeupe, na watoto wa barabarani wakituamkia shikamoo babu, nasi tulikuwa bado tunaota ndevu. Siku hizi nywele zimekuwa nyeupe kweli, na hakuna anayeniamkia. Mnasema "niaje" na mnapita.

Ni Mzee Wafula aliyenitafutia nyumba Kaloleni, karibu na yake. Nyumba zile za mawe mliziona, au mlizipita tu. Zimekaa zikitazamana, katikati uwanja wa majani, kila mlango unaona mlango wa mwenzake. Tulikwenda kazini kwa miguu. Tulikata njia ya reli, tukashika kijia kilichochongwa na nyayo zetu wenyewe, na kabla hujamaliza hadithi moja umeshafika langoni. Upepo ukigeuka tulijua bila kutazama: leo kiwanda cha sabuni kinachemsha, leo ni mkate. Siku ya mkate hata mwenye huzuni alitembea vizuri. King'ora cha kiwanda chetu kilikuwa na sauti nene, cha jirani kilikuwa na sauti ya mbuzi, na akina mama walipanga mapishi yao kwa ving'ora hivyo bila kuhitaji saa ukutani. Jumamosi kulikuwa na muziki kwenye ukumbi wa mtaa, na fundi mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha alicheza na binti wa karani bila mtu kukunja uso.

Lakini yote hayo ni mapambo. Kitu chenyewe kilikuwa usingizi.

Kwa kuwa viwanda vilifanya kazi usiku na mchana, sikuzote kulikuwa na mtu mtaani anayelala jua likiwaka. Watu wa Kaloleni walikuwa na desturi yao. Mtu wa shifti ya usiku akirudi asubuhi, mkewe hutundika nguo kwenye msumari wa mlango, shuka au leso au taulo, chochote. Ukiiona nguo hiyo, unajua humo ndani kuna mtu anayelala. Watoto huhamishia mpira wao upande wa pili wa uwanja, redio hushushwa sauti, na mwenye kupiga mbao huahirisha. Hakuna aliyewahi kutangaza sheria hiyo. Uliikuta, ukaifuata.

Mke wangu Zuhura aliikuta vibaya. Nilimwoa Mombasa, nikamleta Kaloleni mwezi wa baridi, na mimi wakati huo nilikuwa shifti ya mchana. Zuhura akafua leso zake, akakuta kamba zote zimejaa nguo za watu, akazianika mlangoni kwenye ule msumari. Kwa baridi ile hazikukauka, basi akaziacha hapo kutwa, na kesho yake akaanika nyingine. Nilikuwa naondoka kabla ya jua na kurudi jioni ameshazianua, kwa hiyo sikujua lolote. Nilichoona ni mke wangu anakonda.

Jioni moja akaniambia nimrudishe kwao. Akasema watu wa hapa hawana utu. Kwao, akasema, mgeni akihamia jirani hata asiyempenda humbishia hodi, lakini hapa hakuna aliyefika mlangoni hata kumwomba chumvi. Watoto wakimwona dirishani wananyata na kukimbia. Wanawake wanaokuwa wakicheka kwenye mfereji wananyamaza wakikaribia nyumba yake. Alilia mpaka nikaingiwa na hasira, nikaenda kwa Mzee Wafula kuuliza mke wangu amewakosea nini. Mkewe, Mama Nekesa, alikuwa anasonga ugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akanitazama.

"Kwani bibi yako hafanyi kazi ya usiku?" akaniuliza.

Nikasema hafanyi kazi yoyote, ndiyo kwanza kafika.

Mama Nekesa aliketi chini kabisa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mtaa mzima ulikuwa ukimhurumia mke wangu. Walidhani ameajiriwa hospitali, maskini, bi harusi na tayari anakesha, na wakaamrishana wasimsumbue. Usiku uleule wanawake walikuja na vijungu vyao kumkaribisha, na Zuhura akajifunza desturi ya msumari kwa namna ambayo hangeisahau. Wakawa marafiki, yeye na Mama Nekesa, mpaka nikaanza kupata taabu maana kila nilichomwambia mmoja, wa pili alikijua kabla ya chakula cha jioni.

Miaka ikapita. Zuhura akajifunza kupiga taipu, akapata kazi ofisi ya serikali mjini, na kupitia kazi hiyo tukapata nyumba hapa Buruburu, wakati rangi bado inanukia. Hamwezi kujua nyumba ile ilikuwa nini kwake. Bafu lake mwenyewe, bila kusimama foleni na ndoo. Jiko lenye sinki. Geti la kijani, na nyuma ya geti kiuwanja alimopanda asumini aliyoitoa kwao Mombasa ndani ya mkebe wa maziwa. Jioni za mwanzo nilimkuta amesimama tu katikati ya sebule, hafanyi kitu, anatabasamu. Nilimpenda sana alipokuwa hivyo.

Mwaka huohuo Mzee Wafula akatutoka, kifua kilimsumbua muda mrefu, na mimi nikapewa nafasi yake: fundi mkuu wa shifti ya usiku. Hapo ndipo nilipojua tumehamia wapi. Nilifika nyumbani asubuhi Zuhura ameshaenda kazini, nikajilaza, na Buruburu ikaamka. Magari yanapashwa moto, mbwa wanayabwekea, redio kila nyumba na stesheni yake, fundi wa mawe anaongeza chumba kwa fulani. Nikatundika shuka kwenye geti. Mtu mmoja mwema akaigonga kengele yetu, akanitoa kitandani kuniambia kwamba shuka langu limepeperushwa na upepo likanasa getini. Nikamshukuru. Ningemwambia nini? Majirani walikuwa watu wastaarabu, hawakuwa na ubaya. Walikuwa hawatujui, nasi hatuwajui, na kuta zilijengwa ili mambo yakae hivyo.

Mtu hukosa usingizi akadhani ni uchovu tu. Fundi wa mitambo akikosa usingizi ni hatari inayotembea. Usiku mmoja mfumaji aliusimamisha mtambo wake, uzi ulikuwa umejisokota ndani. Nilikwenda, nikazima swichi ukutani, nikatia mkono. Swichi niliyozima ilikuwa ya mtambo wa jirani. Mkanda sikuutoa. Mfumaji aliniona nimeinama kimya, mkono hakuuona, akadhani nimemaliza, akauwasha. Mtambo ulinichania mkono wa shati mpaka begani na kuondoka na ngozi ya vidole viwili. Msimamizi wetu hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Aliniambia nichague, nilale au niache kazi, maana hataki kwenda kumpa mke wangu habari mbaya. Nyumbani nikamwambia Zuhura ni mkwaruzo. Angejua, angesema tuhame, na asumini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kupanda ukuta.

Asubuhi iliyofuata miguu ilinipeleka yenyewe. Badala ya kushika njia ya Buruburu nilijikuta kwenye kile kijia cha zamani, nikavuka reli, nikaingia Kaloleni. Mama Nekesa alikuwa nje ya mlango wake akichagua maharagwe. Tangu afiwe na mumewe alikuwa akipika githeri ya mahindi na maharagwe na kuwauzia watu wa viwandani mchana. Alinitazama macho, akasukuma maharagwe kando. Alinyanyuka, akanifungulia chumba cha ndani alimolala marehemu, akatundika taulo kwenye msumari. Nikalala mpaka adhuhuri, usingizi wa mtu aliyezama. Kesho yake nikarudi, na siku iliyofuata. Jioni Zuhura alinikuta nyumbani Buruburu, nimeoga, nimechangamka, na kwa kuwa hakuuliza nimelala wapi, nami sikusema.

Mnajua mambo hayo huishia wapi. Mwenzake Zuhura ofisini alikuwa mkazi wa Kaloleni. Siku moja wakinywa chai akamwambia kwa upole mwingi, ule upole wenye pilipili, kwamba bwana wake anaonekana kila asubuhi akiingia kwa mjane fulani na kutoka mchana. Zuhura akaomba ruhusa, akavua viatu vyake vya ofisini, akavaa raba.

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nimelala. Nimeyapata kwa wanawake hao wawili, na kila mmoja ana masimulizi yake. Lakini wanakubaliana kwamba Zuhura alivuka uwanja akitembea kama askari, na kwamba milango yote ilifunguka, maana mtaa ulikuwa ukingojea siku hiyo kwa hamu. Alifika kwa Mama Nekesa amefungua kinywa tayari. Kisha akaliona taulo kwenye msumari.

Akafunga kinywa. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba alijichukia kwa hilo, lakini hakuweza. Ilikuwa kama kupaza sauti msikitini. Basi ugomvi wa ndoa yangu ukafanywa kwa kunong'ona.

"Nitolee mume wangu humo," Zuhura akanong'ona.

"Ngoja aamke," Mama Nekesa naye akanong'ona. "Ukimtoa saa hii, usiku atatia mkono kwa mashine tena."

"Analala kwako kama nani?"

"Kama mtu amechoka."

Majirani waliokuwa milangoni walisogea, wakasogea tena, na bado hawakusikia kitu. Nimeambiwa mzee mmoja aliudhika akarudi ndani. Zuhura aliuliza kwa mnong'ono, "tena" maana yake nini. Mama Nekesa akamweleza habari ya swichi na mkanda, na mkwaruzo ulivyokuwa hasa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinibadilishia kitambaa. Akamweleza magari na mbwa. Kisha akamsogezea kigoda na nusu ya maharagwe, akamwambia kama amekuja kungoja, basi na mikono ifanye kazi.

Nilipoamka na kufungua mlango niliwakuta wamekaa bega kwa bega, uteo kwenye mapaja yao, wanachagua maharagwe. Uwanja mzima ulinitazama. Nikajua nimepatikana, ingawa sikujua na kosa gani. Zuhura alinikazia macho muda mrefu.

"Umelala?" akaniuliza.

"Nimelala."

"Sura hii sijaiona tangu tuhame." Akasimama. "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia kwamba nyumba aliipenda mno.

"Naipenda," akasema. "Lakini mimi sikuolewa na nyumba."

Tulirudi Buruburu kwa miguu, hatukutaka kukaa kimya mbele ya abiria wengine. Nilimwambia nitaomba chumba Kaloleni, tuhamie tena, bafu tutavumilia. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Yeye alitembea mbele yangu kidogo, akiwaza, na nilimwogopa. Tulipofika getini alilishika lile geti la kijani, akatazama huku na huku barabara yetu, geti baada ya geti. Akaniuliza majirani hao wanaitwaje. Sikujua hata mmoja. Naye hakujua. Tulikuwa tumeishi hapo misimu miwili ya mvua.

Jumamosi aliamka mapema akakaanga mahamri, beseni zima, nikadhani tuna wageni. Akajitanda buibui lake zuri, akatoka na sahani zimefunikwa kwa vitambaa, akaanza geti la kwanza. Mimi nilijificha jikoni kwa aibu. Nilimsikia kupitia dirishani, kwa Kiswahili chake cha Mombasa ambacho majirani wale, watu wa wizarani, hawakujua wakijibu vipi: hodi jamani, mimi ni Zuhura, nyumba ile yenye asumini, nimechelewa kuja kuwasalimu na nimekuja kuomba radhi. Mume wangu anafanya kazi viwandani usiku. Analala mchana. Mkiona shuka getini, huyo ndiye yeye. Alilisema jambo hilo kila geti, hakuruka hata moja, na aliporudi jua lilikuwa limepita utosini na sahani zote zimerudi na kitu ndani, mayai, ndizi, kipande cha keki.

Kwa hiyo, vijana, mkinihoji moshi ulikuwa na utamu gani, mnauliza mambo yasiyo na maana. Viwanda vilikuja na kazi ngumu, na kazi ngumu ikawalazimisha watu kujuana, nani yuko shifti gani, nani anaumwa, nani alale. Viwanda vimefungwa. Hilo la kujuana halikuhitaji bomba la moshi. Mnakaa hapa mkizitafuta nyumba zenye maji na taa na walinzi, na mimi siwakatazi, bafu la ndani ni neema na nalitumia kila siku. Nasema tu kwamba Zuhura, Mungu amrehemu, ndiye aliyemaliza kuijenga barabara hii, wakandarasi walipokuwa wameshapokea vyeti vyao vya kumaliza kazi wakaondoka.

Jumatatu ile niliingia nyumbani asubuhi, nikatundika shuka getini kwa kutii tu, sikuwa na imani. Nikajilaza, nikangojea kelele zianze. Hazikuanza. Nikangojea tena. Mbwa wa jirani alibweka mara moja, mtu akamnyamazisha. Nikanyanyuka nikachungulia pembeni mwa pazia.

Bwana Mutiso wa nyumba ya pili, mtu wa wizarani, alikuwa anatoka na gari lake. Suti ya kijivu, tai ameitupia begani. Injini ilikuwa imezimwa. Mkewe alikaa ndani ameshika usukani, na yeye pamoja na mabinti zake wawili waliovaa sare za shule walikuwa nyuma, wameinama, wanalisukuma. Walilisukuma likapita geti letu, likapita geti jingine na jingine, mpaka kule kwenye kona. Huko ndiko nilikosikia likiwashwa, kwa mbali.

Nilikuwa nimekesha na mwili wote ulikuwa unadai kitanda. Lakini asubuhi ile sikulala hata kidogo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda katika ukimya ule, nikalia.